Kabla Umlaumu Kijana wa Atachimenti, Angalia Tranki

Nina maoni yangu leo na najua yataudhi wakubwa wengine wa maofisi. Hapa kwetu mtandao ukikatika, kitu cha kwanza kutafutwa huwa si tatizo. Huwa ni mtu. Na huyo mtu, karibu kila mara, ni yule mdogo kabisa kwenye jengo: kijana wa atachimenti, dada wa mapokezi, ama mama aliyepitisha mopu karibu na kabati la swichi.

"Nani aligusa?" Hilo ndilo swali linaulizwa. Hakuna anayeuliza imekwama wapi.

Mimi ni fundi wa mitandao hapa Nakuru. Natembea na laptopu moja na kebo ya konsoli, leo Lanet, kesho Njoro, siku zingine nashuka hadi Gilgil na Naivasha. Na hii kazi imenifunza kitu ambacho darasani hakikuwa kwa silabasi: kutafuta hitilafu kwa utaratibu ni njia ya kutendea watu haki. Ukiruka hatua, kuna mtu atalipia hiyo hatua, na mara nyingi hatakuwa wewe.

Wacha nieleze kwa kutumia kitu kinachosumbua wanafunzi wengi wa mitandao kuliko kingine chochote: mitandao pepe, ile tunaita VLAN, inapokataa kuongea. Kama hujawahi kugusa swichi maishani, usikimbie. Hii utaielewa.

Ghorofa moja, sehemu tatu, soja mmoja

Fikiria ghorofa pale Free Area. Mwenye nyumba ameigawa sehemu tatu. Wapangaji wa sehemu moja wanatembeleana bila shida, mlango kwa mlango. Lakini kati ya sehemu moja na nyingine amejenga ukuta, hakuna mlango. Ukitaka kumwona rafiki yako wa sehemu ya pili, lazima ushuke ngazi mpaka getini, umwambie soja unaenda wapi, soja akuelekeze, halafu upande tena ngazi ileile uingie upande wa pili.

Hiyo ghorofa ndiyo swichi. Zile sehemu ndizo VLAN. Soja wa geti ndiye rauta. Na ngazi moja ambayo kila mtu anapitia, wa kushuka na wa kupanda, ndiyo tunaita tranki: kebo moja kati ya swichi na rauta, inayobeba mitandao yote kwa pamoja.

Sasa, kama wote wanapita ngazi moja, soja anajuaje nani ametoka wapi? Kila pakiti inayoingia kwenye tranki inabandikwa namba ya mtandao wake. Huo utaratibu una kiwango chake cha kimataifa, 802.1Q, kilichotoka 1998. Namba hizo zinaanza 1 hadi 4094. Na upande wa rauta, kebo ni moja lakini ndani yake tunatengeneza milango midogo, kila mlango na namba yake na anwani yake. Anwani hiyo ndiyo geti la ule mtandao.

Mbona watu wajisumbue hivyo? Kwa sababu hutaki mwanafunzi aliye kwenye waifai ya shule aweze kubisha moja kwa moja kwa kompyuta inayoweka rekodi za karo. Hutaki mgonjwa anayeangalia video akingoja daktari awe mtandao mmoja na mashine za maabara. Unawatenganisha, halafu unachagua nani aongee na nani.

Lakini kuna kitu kimoja cha kushika hapo, kwa sababu ndicho kitatusumbua: pale mwanzo wa ngazi kuna orodha. Swichi ina orodha ya namba zinazoruhusiwa kupita kwenye tranki. Kama namba yako haiko, hupiti. Na hakuna atakayekuambia. Pakiti inaanguka kimyakimya.

Shule, wiki ya kufungua

Kuna shule moja ya kibinafsi, sitaitaja, iliniita Jumatatu ya kufungua muhula. Wazazi walikuwa wamejaa nje ya ofisi ya mhasibu, kila mtu ameshika simu kuonyesha ujumbe wa M-Pesa, na hakuna risiti ilikuwa inatoka. Kompyuta ya mhasibu haikuona seva ya karo. Haikuona hata intaneti.

Lakini waifai ya walimu ilikuwa inafanya kazi poa kabisa. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa ameunganisha simu yake hapo. Kwa hivyo yeye alikuwa na uhakika: "Intaneti iko, mimi naiona. Shida ni hizo kompyuta za ofisi." Asubuhi hiyo mtu alikuwa tayari ameitwa kutoka mjini, akafuta kompyuta ya mhasibu na kuweka Windows upya, ati ni virusi. Alilipwa akaenda. Shida ikabaki.

Hapo ndipo ikakumbukwa kwamba Jumamosi kijana wa atachimenti alikuwa kwenye kabati la swichi akibandika stika kwa kebo. Kazi aliyopewa na shule yenyewe. Basi kesi ikaisha. Ameharibu rauta. Akaambiwa alete mzazi, na daftari lake la atachimenti halitawekwa sahihi mpaka rauta ilipwe. Kama umewahi kusoma kozi ya ufundi unajua maana yake: bila ile sahihi, miezi yako mitatu imeenda bure, na cheti unakiona kwa mbali.

Mkurugenzi hakuniita nitengeneze, kusema ukweli. Alinipokea mlangoni akaniambia, "Kijana, hii rauta imeungua. Niandikie tu ripoti ya kusema imeungua, tujue ni nani atalipa."

Nikamwambia, "Sawa Mwalimu, lakini nipe kwanza nusu saa niangalie."

Kijana alikuwa amesimama nje ya mlango wa seva. Alinong'ona, "Kaka, mimi nilibandika stika tu. Hakuna kitu nilichomoa."

Sikumwamini. Na sikumkataa pia. Hiyo ndiyo raha ya pakiti: hazihitaji ujue nani ni mkweli. Unaziuliza zenyewe.

Hatua nne

Mpangilio wa pale ulikuwa hivi. VLAN 10 ni ofisi. VLAN 20 ni seva. VLAN 30 ni waifai ya walimu, mpya, iliwekwa Ijumaa jioni na fundi mwingine. Swichi moja, rauta moja, kebo moja katikati.

Hatua ya kwanza, nilikaa kwa kompyuta ya mhasibu nikaipigia pingi printa iliyo ofisi hiyohiyo. Kupiga pingi ni kubisha hodi tu: uko? Printa ikajibu, niko. Maana yake? Kompyuta ni nzima, kebo yake ni nzima, swichi inafanya kazi. Ile Windows mpya haikuhitajika.

Hatua ya pili, nikabisha kwa geti la ofisi, 192.168.10.1, ule mlango wa rauta wa VLAN 10. Kimya. Mpangaji anatembea vizuri ndani ya sehemu yake lakini hamfikii soja.

Mtu mwenye haraka hapa angesema, ona, rauta haijibu, imeungua. Hapa ndipo kijana wa watu anapofungwa.

Hatua ya tatu, nikatoka nikaunganisha laptopu yangu kwa waifai ya walimu. Kutoka huko nikabisha kwa geti lilelile la ofisi, 192.168.10.1. Likajibu. Mara moja.

Tulia hapo kidogo, kwa sababu hii ndiyo sehemu tamu. Geti la ofisi linawajibu walimu lakini haliwajibu wenye ofisi. Kwa hivyo geti lipo. Rauta iko hai, na mlango wa VLAN 10 umewekwa ndani yake vizuri. Tatizo liko mahali kati ya ofisi na rauta, na kati yao kuna kitu kimoja tu: ile kebo ya tranki.

Sasa nani angeharibu kebo? Kijana wa stika, si ndiyo?

Hatua ya nne haikuhitaji hata kompyuta. Walimu wanapita wapi kufika kwa rauta? Kwa kebo hiyohiyo. Ngazi ni moja. Kama ingekuwa imechomolewa, imekatika ama imelegea, walimu pia wangekuwa gizani. Kebo haiwezi kuchagua kuwabeba walimu na kuwaacha wahasibu. Anayechagua ni orodha. Na orodha haibadilishwi kwa kubandika stika. Inabadilishwa na mtu aliye na nywila ya swichi, ambayo yule kijana hajawahi kupewa.

Kabla sijafungua swichi, kijana alikuwa ameshatoka kwenye kesi.

Nikachomeka kebo ya konsoli nikaangalia tranki. Namba zilizoruhusiwa: 30. Basi. Kumi haiko, ishirini haiko.

Neno la herufi tatu

Kama unatumia swichi za Cisco, hii iandike kwa mkono wako. Tuseme tranki imeruhusu 10 na 20, na wewe unataka kuongeza 30. Ukiandika:

`switchport trunk allowed vlan 30`

swichi haiongezi. Inafuta orodha ya zamani na kuweka hii mpya. Ulitaka kuandika:

`switchport trunk allowed vlan add 30`

Tofauti ni `add`. Herufi tatu. Swichi haitakuuliza kama una uhakika, haitatoa onyo. Itatii tu.

Fundi wa Ijumaa aliweka waifai ya walimu, akaipima, ikafanya kazi, akahifadhi, akaenda zake. Ofisi ilikuwa imeshafungwa, hakuna mtu wa kulalamika. Jumamosi hakuna mhasibu. Jumapili hivyo hivyo. Jumatatu ndiyo balaa ikaonekana, na katikati ya Ijumaa na Jumatatu kulikuwa na kijana mmoja na stika zake.

Nikaandika mstari mmoja wa kuongeza 10 na 20. Nikarudi kwa mhasibu nikabisha kwa geti, likajibu. Nikabisha kwa seva, ikajibu. Dakika chache baadaye printa ikaanza kupiga kelele na ule msururu wa wazazi ukasonga. Nikahifadhi mipangilio, kwa sababu bila kuhifadhi, siku stima zikipotea swichi inawaka na akili yake ya zamani, na hapa Nakuru hatuhitaji kukumbushana kuhusu stima.

Ripoti niliandika, kama nilivyoombwa. Rauta ni nzima. Kebo ni nzima. Orodha ya tranki ilibadilishwa wakati wa kuongeza mtandao mpya, na imerekebishwa. Jina la fundi wa Ijumaa sikuliweka. Huyo jamaa hakuwa na nia mbaya. Kosa lake ni moja na ni la kawaida sana: alipima alichoweka, hakupima alichokikuta.

Daftari liliwekwa sahihi. Msamaha sikuusikia. Mhasibu ndiye alimwita yule kijana akampa chai na mandazi, akamwambia, "Pole, mwanangu."

Utaratibu wangu, uchukue

Mitandao pepe ikikataa kuongea, mimi huanzia chini na sipandi hatua mpya kabla ya ile ya kwanza kujibu.

Angalia kwanza mashine yenyewe ina anwani gani. Ukiona inaanza na 169.254, ujue iliomba namba ikakosa wa kuipa, ikajipa yenyewe. Angalia geti iliyoandikiwa ni la mtandao wake, si la jirani.

Halafu bisha kwa jirani wa VLAN hiyohiyo. Asipojibu, usiende kwa rauta bado. Huenda poti ya swichi imewekwa kwenye VLAN isiyo yake, ama hiyo VLAN haijatengenezwa kabisa kwenye swichi.

Akijibu, bisha kwa geti. Likikataa, kagua tranki: je, kweli ni tranki ama ni poti ya kawaida? Namba yako iko kwenye orodha? Upande wa rauta, namba ya ule mlango mdogo inafanana na namba ya VLAN? Na ile poti kubwa yenyewe ya rauta imewashwa? Watu hutengeneza milango midogo kumi mizuri wakasahau kuwasha mlango mkubwa.

Geti likijibu, bisha sasa kwa geti la mtandao wa pili, halafu mwisho kabisa kwa mashine ya mwisho. Na hapo kuna mtego: Windows nyingi hukataa kujibu pingi kutoka mtandao mwingine kwa sababu ya ukuta wake wa usalama. Unaweza kukesha ukibomoa rauta nzima kumbe kompyuta imenyamaza tu kwa adabu yake.

Hata nchi imewahi kukosa soja

Msidhani hii ni stori ya shule ndogo tu. Kenya yenyewe imepitia hii, kwa kiwango kikubwa.

Miaka ya mwisho ya tisini, ukiwa Nairobi umeunganishwa na mtoa huduma mmoja wa intaneti, na rafiki yako wa mtaa wa pili yuko kwa mwingine, barua pepe yako ilipanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, halafu ikarudi Nairobi. Majirani wawili bila mlango wa kati. Na hiyo safari ililipiwa kwa dola.

Watoa huduma, kupitia chama chao TESPOK, wakaamua kutengeneza mahali pa kukutania hapahapa Nairobi. Wakaanzisha KIXP mwishoni mwa 2000. Telkom Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa na haki ya peke yake ya kubeba mawasiliano ya nje ya nchi, ikalalamika. CCK, ile tume ya mawasiliano ya enzi hizo, ikaamuru KIXP ifungwe kwamba haina leseni. Ilichukua zaidi ya mwaka, hadi Februari 2002, ndipo ikawashwa tena, safari hii na leseni mkononi.

Ukiingia kwenye chumba cha KIXP siku ile imefungwa, kila kitu kilikuwa kizima. Swichi ziko, kebo ziko, mafundi wako. Ungeweza kubadilisha waya mwaka mzima na hakuna kitu kingepita. Kilichokuwa kimebadilika ni nani ameruhusiwa, na hiyo ilikuwa imeandikwa kwa karatasi, mbali na zile mashine.

Ndiyo maana nasema: vitu viwili visipoongea, usikimbilie kwa waya, na usikimbilie kwa mtu aliyeonekana karibu na waya. Uliza orodha inasema nini, na uliza nani ana ruhusa ya kuiandika. Mara nyingi mwenye ruhusa hiyo ni mkubwa kuliko yule anayelaumiwa.

Kwa wasee wangu, na kwa wakubwa

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Shule, hospitali, hosteli za wanafunzi, sako, kila mahali kuna kabati la swichi limefungiwa kwenye stoo karibu na mifagio. Kazi ipo. Na ninyi mnaosoma mitandao kwenye vyuo vya ufundi hapa Rift mtaingia kwenye hizo stoo mkiwa na umri wa miaka ishirini, na siku moja kitu kitakatika mkiwa wa mwisho kuonekana hapo.

Kwa hivyo jifunzeni hii kitu mpaka iwe damuni. Hamna haja ya kungoja chuo kinunue swichi. Packet Tracer ya Cisco Networking Academy ni ya bure. Jenga mitandao mitatu, swichi moja, rauta moja. Ikifanya kazi, hapo ndipo masomo yanaanza: mwambie rafiki yako aiharibu mahali pamoja bila kukuambia, halafu wewe uitafute. Toa `add`. Badilisha namba ya mlango. Zima poti. Fanyeni mara hamsini. Siku ya kusimama mbele ya mkurugenzi aliyekasirika, utakuwa na kitu chenye nguvu kuliko kujitetea. Utakuwa na ushahidi.

Na ukibandika stika ama ukigusa chochote, andika saa, andika ulichofanya, piga picha kabla na baada.

Wakubwa, nanyi nina ombi moja tu. Kijana wa atachimenti mlimchukua aje ajifunze, na mara nyingi hamumlipi hata nauli ya matatu. Usimfanye bima ya vifaa vyako. Mtandao ukikatika, mpe kiti, mwambie, "Hebu tuone imekwama wapi." Atakaa hapo na wewe mpaka mpate. Na mkimaliza, mmoja wenu atakuwa amejifunza kazi, na mwingine hatakuwa amelipia Windows ambayo haikuhitajika.